Uzamivu kuhusu maarifa ya Waogiek: nianze na kibali gani?

MtafitiMpya: Wadau, pendekezo langu limepita idarani. Mada ni maarifa ya Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau nchini Kenya, upande wa Narok, kuhusu nyuki na msitu. Nianze na kamati ya maadili, NACOSTI (tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti) au wazee? Na je, ridhaa lazima iwe na sahihi?

Kaptagat: Wazee kwanza, kabla mbinu za utafiti hazijafungwa. Kwa upande wa karatasi, anza na kamati ya maadili inayotambuliwa na NACOSTI, kisha uombe leseni mtandaoni ukiambatisha barua ya kamati. Leseni hudumu mwaka 1, kwa hiyo panga kuihuisha mapema. Ukifika kaunti, ripoti kwa kamishna na kwa mkurugenzi wa elimu. Msitu wa serikali una kibali chake, cha KFS, yaani Huduma ya Misitu ya Kenya. Wengi hukwama kwenye sampuli: wameombea ruhusa ya mahojiano tu, halafu msimamizi anataka majani ya maabara. Hapo unaingia NEMA, mamlaka ya mazingira, chini ya kanuni za 2006 za kufikia rasilimali za kijenetiki.

Bi Mshoni: Sahihi ndiyo itakayokuponza. Mahakama ya Afrika, Arusha, iliwapa Waogiek ushindi dhidi ya serikali ya Kenya tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru fidia, lakini Novemba 2023 watu walifurushwa tena msituni. Mtu wa namna hiyo ukimletea karatasi atie kidole, anaona shamba linakwenda. Andika katika ombi la maadili kwamba ridhaa itakuwa ya mdomo, imerekodiwa, mbele ya shahidi anayemchagua mwenyewe. Ukibadilisha baadaye, itabidi uombe marekebisho, na uwandani hutaendelea mpaka yajibiwe.

Tena chifu hatoi ridhaa kwa niaba ya jamii. Sehemu za msitu zenye mizinga ni za koo, na ukoo mmoja hausemei mwingine. Sheria ya maarifa ya jadi ya 2016 nayo inataka ridhaa ya wenye maarifa. Mkalimani asitoke upande wenye mgogoro wa ardhi nao, hata kama lugha anaijua vizuri.

Kaptagat: Naongezea: usichapishe majira ya GPS (namba zinazoonyesha mahali hasa) ya mizinga wala ya mahali pa matambiko. Ramani hiyo inaweza kumwongoza mwizi wa asali, au kutumika kuonyesha nani anaishi ndani ya msitu. Kwenye tasnifu taja eneo kwa jumla. Majira yahifadhi kwenye faili tofauti lenye nywila, na mkubaliane kwa maandishi nani atalishika ukishahitimu.

MtafitiMpya: Na chuo kikidai data zote ziwekwe hadharani?

Bi Mshoni: Omba zuio la ufikiaji sasa, yaani data zisifunguliwe kwa umma, kwenye mpango wa data. Ukingoja hadi siku ya kuwasilisha tasnifu, maktaba itakuambia fomu ya chuo haina kisanduku cha hilo.