Tupeane uzoefu: tuliowalea au kuolewa na wazee wa vita ya Vietnam, madai ya fidia kwa serikali ya Marekani kwa magonjwa ya Agent Orange, ile dawa ya kuua majani iliyomwagwa vitani, yaliendaje?

MamaNaima_Ohio

Habari za leo wapendwa. Jumamosi tumemzika mzee niliyemlea nyumbani kwake miaka minne. Leo nimekwenda kumsaidia mkewe kukusanya dawa zilizobaki, nikakuta lile beseni la bluu chini ya kitanda. Nilikaa sakafuni nikalia kama niliyefiwa na baba.

Beseni lina kisa chake. Mwezi wangu wa kwanza nilimwekea maji ya kuosha miguu, nikageuka kuchukua taulo, naye akaingiza miguu mwenyewe. Nilipoyagusa yale maji nikaruka. Yalikuwa ya moto wa kunyonyolea kuku, na mzee ametulia anatazama besiboli. Vidole vimeshaiva vyekundu. Kisukari kilikuwa kimeua hisia zote kuanzia vifundoni kushuka. Tangu siku ile nikawa napima maji kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga.

Alikuwa mpishi katika kambi ya ndege za Marekani huko Thailand, 1969. Madai yake ya kwanza ya hicho kisukari yalikataliwa, kwa sababu zamani waliokubaliwa ni wale ambao kazi zao ziliwaweka kwenye uzio wa kambi, palipokuwa pananyunyiziwa dawa ya kuua majani. Mpishi na uzio wapi na wapi? Sheria ya PACT ya Agosti 2022 ndiyo iliyomfungulia mlango yeyote aliyetumika kwenye kambi za Thailand kati ya Januari 1962 na Juni 1976. Akaomba tena, akapata. Ameila hiyo pesa miezi 19 tu.

Najua humu tuko wengi tunaolea hawa wazee. Semeni yenu.

Kijana_wa_Boksi

Minnesota hapa, zamu ya usiku. Wangu ana Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka. Kijiko kinafika mdomoni kikiwa kitupu, supu yote imebaki kifuani. Pole sana dada.

MkeWaSajini

Nilisema sitaandika, lakini hilo beseni limenifukua.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Texas. Marehemu mume wangu alikuwa Bien Hoa, Vietnam, 1968 na 1969, kazi yake mapipa ya hiyo dawa. Pipa moja lita 208, lina mstari wa rangi ya chungwa, na jina la Orange, yaani chungwa, lilitokana na mstari huo. Dawa yenyewe haikuwa na rangi hiyo. Aliniambia mapipa matupu waliyakata wakachomea nyama, mengine wakayapandisha juu wakayafanya bafu. Kijana wa miaka 19, joto lile, anaoga maji ya pipa na anashukuru.

Moyo ulianza kumsumbua 2005. Mwaka uliofuata tukafungua madai, yakarudi: ugonjwa wa moyo haumo kwenye orodha ya magonjwa ya Agent Orange. Akaikunja barua akaitia ndani ya Biblia, akasema yameisha. Hayakuisha. Mwaka 2010 ugonjwa wa mishipa ya moyo uliingizwa kwenye orodha, pamoja na Parkinson. Na kwa ile kesi ya maveterani iitwayo Nehmer, waliokataliwa zamani wakalipwa kwa kuhesabu tangu walipoomba mara ya kwanza. Barua ya kwenye Biblia ndiyo ilituonyesha tarehe. Msitupe barua za kukataliwa, nawaomba.

Mwaka 2013 akafikishwa asilimia 100 ya ulemavu. Januari 2021 akaingia hospitali, zile siku za korona, mimi namwona kwenye simu aliyoshikiwa na nesi. Siku ya nne akafariki.

Sasa sikilizeni. Cheti cha kifo nilipewa ndani ya bahasha ya kaki. Nilikisomea garini, nje ya nyumba ya mazishi, vioo vimejaa ukungu. Sababu ya kifo: nimonia. Mstari wa pili mtupu. Wa tatu mtupu. Neno moyo halimo! Miaka 15 nimempimia chumvi, nimemlaza juu ya mito mitatu ili apumue, nimempandisha mzani kila alfajiri kabla ya chai kuona kama maji yamejaa mwilini. Aliyesaini ni daktari wa zamu ambaye hakuwahi kumjua.

Nikaomba malipo ya mjane, yale wanayoyaita DIC. Yakakataliwa, kwa sababu nimonia haikutoka jeshini. Angekuwa ameshikilia asilimia 100 kwa miaka 10 mfululizo mpaka kufa kwake, wasingeuliza kilichomuua. Alikuwa na minane.

Nilimwendea daktari wake wa moyo, aliyemtibu miaka tisa. Akaandika barua: moyo ulikuwa umechoka kiasi kwamba mwili haukuweza kupambana na nimonia. Cheti kikarekebishwa, nikaomba upya. Miezi 14 yote hiyo nilikula kwa sambusa na maandazi niliyokuwa nawauzia Waafrika wenzangu. Nikapata. Lakini ule ukungu wa vioo ninao mpaka leo.

Shangazi_Dodoma

Mama, nimesoma nimeweka simu chini. Mungu akutunze.

Kijana_wa_Boksi

Zile mistari tupu jamani.

Mzalendo_Halisi

Poleni wote, lakini mbona tunalilia upande mmoja? Kuanzia 1962 hadi 1971 zilimwagwa zaidi ya lita milioni 70 za hizo dawa juu ya misitu na mashamba ya watu. Maveterani walipata dola milioni 180 kutoka kwa makampuni yaliyotengeneza, suluhu ya 1984, na sasa wana hizo asilimia zenu. Wavietnam kesi yao ilitupwa New York 2005, na 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa hata kuisikiliza. Mama wa kule naye anaosha mtoto wa miaka 30 kwenye beseni, hana fomu ya kujaza.

MkeWaSajini

Mwanangu, umesema kweli na sikupingi. Mume wangu alikuwa akisema hivyo hivyo. Lakini usije msibani kwangu kunipimia machozi.

Mzalendo_Halisi

Samahani mama. Sikukusudia wewe.

Mwalimu_Kisumu

Sumu haikuchagua mtu. Admirali Zumwalt wa jeshi la majini la Marekani ndiye aliyeagiza kingo za mito ya delta ya Mekong zinyunyiziwe ili mabaharia wake wasiviziwe. Mwanawe, aliyeitwa jina lilelile, alikuwa kwenye boti za mitoni hukohuko. Alikufa kwa saratani 1988, ana miaka 42. Baba akaumaliza uzee wake akiwapigania maveterani wapate haki yao.

Na kabla ya Vietnam kulikuwa na Malaya, Malaysia ya leo. Babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakapelekwa huko 1952 kupigana vita vya Waingereza msituni. Waingereza nao walinyunyizia 2,4,5-T, dawa mojawapo iliyomo kwenye Agent Orange, kando ya barabara. Babu alirudi na medali na kikohozi. Hakuna aliyemletea orodha ya magonjwa, na alikufa hajui kwamba orodha kama hiyo inaweza kuwepo duniani.

Mkulima_Uasin_Gishu

Ngojeni kidogo. Hiyo Agent Orange si ilikuwa na 2,4-D pia, hii tunayonunua agroveti tunapulizia ngano?

Nesi_Houston

Ndiyo hiyohiyo kaka, lakini Agent Orange ilikuwa nusu 2,4-D na nusu 2,4,5-T. Dioksini, ile TCDD, ilizaliwa kiwandani wakati wa kupika hiyo 2,4,5-T. Hata hivyo vaa glavu na buti, na usipulize upepo ukikujia usoni.

Kaka_Dallas

Turudi kwenye madai. Mzee wangu aliambiwa faili lake la jeshi liliungua kwenye hifadhi ya St. Louis 1973, akakata tamaa. Mnafanyaje hapo?

Nesi_Houston

Alitoka jeshini mwaka gani? Moto wa Julai 1973 uliteketeza mafaili ya jeshi la nchi kavu ya waliotoka kati ya 1912 na 1960, na sehemu ya jeshi la anga ya waliotoka 1947 hadi 1964.

Kaka_Dallas

1970. Lakini barua ninayo mkononi imeandikwa liliungua, dada. Usinibishie.

Nesi_Houston

Sikubishii. Nakwambia aliyeandika alikosea au alimtazama mtu mwingine. Aombe tena DD-214 yake, ile karatasi ya kutoka jeshini, na aweke namba yake ya jeshi pamoja na jina kamili.

Kaka_Dallas

Sawa. Kesho.

BibiHarusi_Seattle

Mimi nilitafuta mtu wa kutusaidia, tukamlipa dola 3,000 kabla hajagusa karatasi. Msinicheke. Yalikwenda haraka.

Nesi_Houston

Hakuna wa kukucheka, ila mmeibiwa. Sheria hairuhusu mtu akutoze kwa kuandaa madai ya kwanza. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina watu wenye kibali wanaofanya bure. Wakili ndiyo, anaweza kulipwa, lakini baada ya uamuzi wa kwanza kutoka.

BibiHarusi_Seattle

Hao wa bure tuliwasubiri miezi mitatu, mume wangu ana saratani ya kibofu. Ungekuwa wewe ungesubiri?

Kijana_wa_Boksi

Dada Seattle naye ana lake. Mwenye saratani hahesabu siku kama sisi. Lakini pelekeni kwanza ile taarifa ya nia ya kudai, inashika tarehe yenu mwaka mzima huku mnatafuta karatasi.

La siku ya kupimwa na daktari wa madai, chonde: msimvalishe mzee suti! Wangu alinyoa, akavaa tai, daktari akamuuliza hali, akajibu "safi kabisa". Sijambo za wazee zina gharama. Akapewa asilimia ndogo hata nikaona aibu kumsomea.

Shangazi_Dodoma

Mimi wangu nilimvalisha suti na kofia ya kikosi chake, akapata vizuri. Mzee aende kwa heshima yake. Cha muhimu aseme siku mbaya zikoje, asiseme leo ikoje.

Kijana_wa_Boksi

Basi suti avae, tai abaki nayo mke, na mke ndiye aongee.

Mwalimu_Kisumu

Na presha msiisahau. Imeingia kwenye orodha 2022, wengi waliokataliwa zamani hawajui.

MamaNaima_Ohio

Nimerudi. Nilipomaliza kusoma ya Mama wa Tanga nilimpigia mke wa mzee, usiku huohuo, nikamwambia afungue bahasha anisomee cheti. Akaenda kutafuta miwani. Nikamsikia anavuta droo, anakohoa, anarudi.

Sababu ya kifo: moyo kusimama. Chini yake hakuna kitu. Kisukari hakimo, figo hazimo, mguu uliokatwa vidole viwili mwaka jana haumo. Akaniuliza, "Kwani kuna tatizo?"

Nimemwambia asisaini wala asitume karatasi yoyote. Daktari wake wa kisukari ametupa nafasi Alhamisi saa tatu asubuhi. Nitampeleka mimi, nimeshabadilisha zamu. Mama wa Tanga, naomba uniambie ile barua ya daktari wako ilianza vipi, maneno yenyewe.

MkeWaSajini

Ninayo hapa ndani ya Biblia. Nakuandikia sasa hivi, mwanangu, usilale kwanza.