Mabosi wa magari ya safari, hizo jeki za "tani 20" mnazotupa zinaingia chini ya gari gani?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu una maneno makali kidogo, mods mnivumilie, na tafadhali msiuhamishie kule kwa wenye IST, hauwahusu.

Mimi ni dereva wa watalii, maskani Arusha. Kilichonileta hapa ni jeki. Ndiyo, jeki. Kabla hujacheka, nenda kalale kifudifudi kwenye tope la Ndutu mwezi wa pili huku wageni wanakupiga picha kupitia paa la gari, kisha urudi tuongee.

Tajiri wangu kalifanyia gari ukarabati wa nguvu. Friji jipya, soketi ya kuchajia simu kila kiti, viti vimeshonwa upya, stika ya chui mlangoni. Pesa imetembea. Nikauliza vifaa vya kujikwamulia viko wapi. Mtu wa stoo akanitolea jeki nyekundu ya haidroliki imeandikwa tani 5, inavuja mafuta hadi rangi imebabuka. Nikamwambia hii imekufa sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasivuje. Unajua nilijibiwa nini? "Basi chukua ile ya tani 20, hiyo inabeba hata Fuso."

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana hilo ndilo jibu la kila mtu. La tajiri, la stoo, la muuza duka. Ukilalamika jeki mbovu unaongezewa tani. Nani kawaambia shida yetu ni tani?

Sikilizeni. Land Cruiser ya safari ikishapakia wageni, mabegi, maji na mafuta inapita tani tatu. Sawa. Lakini kubadilisha tairi hunyanyui gari zima, unanyanyua kona moja. Jeki ya ukweli ya tani mbili au tatu inatosha na chenji inabaki. Shida ni kimo. Hizi za tani 20 nyingi zikiwa zimeshushwa kabisa bado zina kama sentimita 24. Sasa tairi la nyuma limekwisha upepo, rimu imekaa chini, na hilo gurudumu lenyewe limeshazama kwenye udongo mweusi. Chini ya ekseli hizo sentimita 24 unazitoa wapi? Unaanza kuchimba, tena kwa mikono, kwa sababu koleo nalo halimo. Na hilo jeki lenyewe limekaa kilo zaidi ya kumi linagongagonga nyuma ya viti safari nzima.

Ukichukua fupi nayo ina balaa lake. Inaingia vizuri, inapanda, inafika mwisho, na tairi zima lenye upepo bado haliingii, kwa sababu tairi lililojaa linataka nafasi kubwa kuliko lile uliloling'oa. Ndiyo maana mnaona madereva wanapanga mawe juu ya kichwa cha jeki. Mnatuona wajinga. Hatujapewa ubao wa kuweka chini yake, unataka tufanyeje?

Huo ubao ndio ulioniaibisha. Niliuomba kabla ya kuondoka, tena kwa meseji, ipo. Kipande cha mninga tu, sentimita 40 kwa 40, unene wa vidole vitatu, fundi seremala yeyote anakutupia mabaki. Nikajibiwa "utaokota huko huko". Niokote wapi? Nikate miti ndani ya hifadhi? Basi tumefika, mvua imepiga usiku, tairi likaenda. Nikaweka jeki, nikapampu. Gari limetulia tuli, jeki ndiyo inayoshuka. Napampu, kitako kinazama, tope linapanda hadi kwenye skrubu ya kufungulia mafuta, mwishowe siioni kabisa, naipapasa kwa kidole. Mgeni mmoja, mzee wa watu, akafungua dirisha akauliza kwa upole kabisa kama hatuna ubao. Friji muda wote lilikuwa linafanya kazi vizuri sana.

Akaja jamaa wa kampuni nyingine kutuvuta, Mungu ambariki, naye ana kamba ya dukani ile ya njano yenye kulabu mbili za chuma ncha zote. Wakuu, hizo kamba ni za kuvutia gari lililozima barabarani polepole. Hazirefuki zikivutwa. Gari likiwa limenasa kwenye tope na mwenzio anakuja kwa kasi kukunasua, nguvu yote inaishia kwenye kulabu. Ya kazi hiyo ni ile bapa ya nailoni, inayojivuta kidogo ndipo inakutoa, na inafungwa kwa shakeli, kile kipete cha chuma chenye pini, iliyochorwa uzito inaoubeba kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye stika. Ile ya pini nene ya milimita 22 kwa kawaida imegongwa tani 4.75. Isiyo na namba kabisa ni ya kufungia mbuzi.

Na mabosi wenye magari yenye boli la tela nyuma: mnaposema "funga hapo hapo" mnajua mnaongea nini? Lile boli limewekwa la kukokota tela. Likivutwa kwa kishindo linaweza kukatika na kuruka kama risasi. Watu wamekufa hivyo, tena nchi zenye vifaa vyote. Tulikataa kufunga hapo, tukafunga kwenye chesisi, na mwenzangu akatupa jaketi lake zito katikati ya kamba ili ikikatika isiruke. Kulabu ikanyooka ikawa kama msumari. Tukatoka kwa kuchimba na kupunguza upepo, si kwa ile kamba.

Tuje kwa wauza duka. Nilishuka Dar nikapita Gerezani kutafuta hailifti, ile jeki ndefu ya mlingoti wenye matundu, maana hiyo ndiyo rafiki wa tope: unanyanyua gari kwenye bampa, unajaza mawe chini ya gurudumu, unashusha, unaondoka. Muuzaji ananionyesha moja imeandikwa tani 3, ananiambia orijino. Orijino! Hi-Lift yenyewe inatoka Bloomfield, Indiana, Marekani, jeki hiyo ipo tangu 1905, na wenyewe wanaiandika paundi 4,660, yaani tani mbili na kilo mia na kitu. Mwenyewe aliyeitengeneza anasema mbili, wewe uliyeiga umepata wapi ya tatu? Nikausukuma mkono wa jeki pale pale dukani, zile pini mbili za kupandia moja hairudi. Haijaona hata vumbi la Makuyuni. Pini hiyo ikigoma gari likiwa juu, mkono wa jeki unarudi kwa nguvu ya kuvunja taya. Nikamwuliza pini za akiba anazo? Kanicheka.

Na hata ukiipata nzuri, tajiri anataka uiweke ndani chini ya miguu ya wageni ili keria ibaki nadhifu kwenye picha. Kilo kumi na tatu za chuma zinazolala huru ndani ya gari lenye watu! Mahali pake ni nje, imefungwa nati mbili, na zile pini zimefunikwa kwa kipande cha tyubu kuukuu vumbi lisiingie, tone la oili kabla ya safari. Ile ya haidroliki isimame wima, skrubu imefungwa, vinginevyo ukiifikia imeshamwaga kila kitu. Halafu bampa. Mmeweka mabampa mapya ya faiba yanayong'aa, hailifti itashika wapi? Kwenye rangi?

Najua kuna bosi anaandika sasa hivi: "Madereva ndio mnauza vifaa." Wapo wanaouza, sibishi. Wapo pia mabosi wasiolipa posho, hatujafunga kampuni zote. Dawa yake ni karatasi moja: jeki, ubao, kamba, shakeli mbili, koleo, kipimo cha upepo na pampu, nasaini nikitoka, unasaini nikirudi, kikipungua unikate mshahara. Nilimpelekea tajiri karatasi hiyo nimeiandika mwenyewe. Akasema nitawatisha wageni wakiiona.

Kuhusu bei sitaki kusikia. Piga hesabu ya vitu hivyo vyote, kisha piga hesabu ya gari la pili kutoka Karatu kuja kuchukua wageni, ukiongeza na ile nyota moja tuliyopewa mtandaoni.

Ninachoomba kwenu wadau: anayejua duka, Arusha au Moshi, linalouza sili na pini za jeki, siyo jeki nzima, aweke hapa au anifuate inbox. Ya zamani ya Toyota iliyokuja na gari, ile ya kuzungusha kwa chuma, nayo nainunua, hata iwe na kutu, mradi isiwe na stika ya tani 20.