Naomba ushauri: fedha za mfuko wa jamii na meno ya wanakikundi wetu, Mbuyuni, Moshi

Katibu wa Mbuyuni (mleta uzi):

Wanajamvi, habari za jioni. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 34, karibu wote wakiwa mama lishe, wauza ndizi na wasukuma mikokoteni wa Soko la Mbuyuni hapa Moshi. Hatuna bima, na wengi wetu tukikosa siku moja sokoni, jioni hiyo nyumbani mambo huwa magumu.

Mwezi uliopita mwenzetu mmoja, mama wa miaka 41 anayeuza mtori, aliumwa gego la chini. Kwa muda wa wiki mbili alikuwa akisaga kitunguu saumu na chumvi na kukandamiza kwenye tundu la jino, kisha akawa ananunua vidonge vya antibayotiki vinne vinne dukani, na maumivu yakipoa anaviacha. Jumamosi moja alikuja sokoni shavu limejaa, akishindwa kufungua kinywa hata kijiko kisipite, ikabidi binti yake ndiye aonje chumvi ya mtori. Usiku ule tulimkimbiza hospitali, akatolewa usaha, akalazwa siku nne na jino likang'olewa. Mfuko wetu wa jamii ulilipa shilingi 280,000.

Baada ya hapo nilipita meza kwa meza nikiuliza, nikakuta ni watatu tu waliowahi kwenda kwa daktari wa meno kabla ya kuumwa. Mmoja alinieleza kwa uchungu kwamba hatarudi tena, kwa kuwa katika kliniki moja, ambayo sitaitaja, alisemwa mbele ya watu kuwa kinywa chake ni kichafu, ilhali yeye amezaliwa upande wa Meru na meno yake ni ya kahawia tangu utotoni.

Sasa tumebakiwa na shilingi 420,000. Mwenyekiti anataka tumwite mtaalamu atupe somo, mweka hazina anataka fedha zikae zikisubiri wagonjwa, na kuna kijana anayepita sokoni na koleo lake akidai kung'oa jino kwa shilingi 5,000, na baadhi ya wenzetu wameanza kumsikiliza. Naombeni mawazo yenu.

Tabibu wa Meno, Hai:

Poleni sana, na hongera kwa kumwahisha yule mama. Uvimbe wa jino unaposhuka chini ya taya, mgonjwa akawa hafungui kinywa, anameza kwa shida au anapata homa, haifai kusubiri kukuche, kwa sababu uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa na kuua. Antibayotiki peke yake haiponyi jino lililooza. Hupunguza wadudu kwa muda, lakini chanzo kimebaki palepale ndani ya jino.

Huyo kijana mwenye koleo mpelekeni kwa mwenyekiti wa mtaa leo hii. Koleo lisilotakaswa likitoka kinywa hiki kwenda kingine linaweza kubeba homa ya ini na virusi vya Ukimwi, na jino likikatika mzizi ukabaki, mtaishia hospitali kwa gharama kubwa kuliko ile mliyoikimbia.

Kuhusu fedha zenu, nawasihi mzitumie kuwapeleka watu wakiwa bado hawaumwi. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi. Ipo hata njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine wala umeme, ambapo sehemu iliyooza huchokolewa taratibu na tundu kujazwa saruji maalumu inayotoa floraidi, madini yanayosaidia kukinga meno yasioze. Njia hiyo, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na sisi wa fani hii tunajivunia jambo hilo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Mkifika kliniki, msiseme tu "nimekuja kung'oa". Ulizeni kwanza kama jino linaweza kuzibwa, kwa sababu mgonjwa akishaomba kung'olewa, mara nyingi hatuna muda wa kumbishia.

Mzee wa Usa River:

Naomba niongeze neno kwa ajili ya huyo dada aliyetukanwa, maana yaliyompata yamenigusa. Sisi tuliokulia kuzunguka Mlima Meru tumekunywa maji yenye floraidi nyingi kutokana na miamba ya volkano, kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kupikia yaliongeza mengine. Madoa yale huingia wakati jino la mtoto bado linaumbika ndani ya ufizi, kwa hiyo si uchafu. Nilipokuwa kijana nilisugua meno yangu kwa mchanga na mkaa uliotwangwa kila asubuhi mpaka fizi zikatoka damu, na nilichoambulia ni meno yanayoshtuka kwa maji ya baridi hadi leo.

Mwambieni asisugue kwa nguvu, na asiogope dawa ya meno yenye floraidi, kwani kwa mtu mzima ambaye meno yake yalishaota haiwezi kuongeza madoa. Wenye watoto wadogo wajue pia kwamba kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi yote hubaki katika yale yaliyosalia.

Mama Njoro:

Mimi sikubaliani na wazo la somo peke yake. Kikundi chetu kililetewa mtaalamu, tukagawiwa miswaki, tukapiga picha, na waliokuwa na majino mabovu walirudi nayo nyumbani vilevile. Somo lifanyike siku ileile watu wanapokaguliwa. Na wale wenzenu wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wapatieni barua ya mtaa waende nayo kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya serikali, kwa sababu sera inawaruhusu kutibiwa bila malipo. Msitumie fedha ya mfuko pale ambapo haihitajiki.

Katibu wa Mbuyuni:

Nashukuru sana. Swali moja kwa tabibu: wenzangu wanapiga mswaki kila asubuhi, iweje meno yaoze?

Tabibu wa Meno, Hai:

Mtazameni mama lishe kikombe chake. Chai ya rangi yenye sukari inakaa pembeni ya jiko tangu saa kumi na moja alfajiri, naye anainywa funda kwa funda hadi mchana. Kila funda la sukari huwapa wadudu wa kinywani nafasi ya kutengeneza asidi, na mate yanahitaji muda kuituliza. Asipoyapa muda huo, jino linaliwa siku nzima. Anywe chai pamoja na chakula, kisha maji matupu. Mswaki muhimu kuliko wote ni ule wa usiku kabla ya kulala, na akimaliza ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno.

Katibu wa Mbuyuni:

Tumekaa kikao jana baada ya soko kufungwa. Kijana wa koleo ameshazuiwa na mtaa. Shilingi 120,000 zinabaki kwa dharura, na 300,000 zitatumika kuwakagua na kuwatibu watu sita kila Jumatatu, siku ambayo biashara huwa nyepesi, jirani akimshikia mwenzake meza. Wazee wanne wanafuatilia barua zao. Yule dada wa Meru alisema hataki kwenda peke yake, basi nimejiandikisha naye katika kundi la kwanza.