Umeniapia dawa haiui kamba, umeniulia matenki matano usiku mmoja, leo unasingizia baridi ya Mbeya

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Kuna muuzaji wa samaki wa mapambo yuko Dar, jina nalihifadhi, kaniulia kamba wangu wa mapambo, wale wadogo wa kufugwa kwenye matenki ya vioo, karibu mia tatu kwa chupa moja ya dawa ya konokono halafu jana kwenye simu ananiambia "kaka hiyo itakuwa baridi ya huko kwenu."

Baridi ya kwetu? Niko Uyole hapa, hii baridi nimezaliwa nayo na hao kamba wameikuta miaka miwili sasa. Wanaitwa Neocaridina davidi, asili yao Taiwan na China, sio viumbe wa kuhitaji maji ya vuguvugu. Sina hita hata moja, kila asubuhi nasoma kipimajoto naandika kwenye daftari, Julai hii maji yamecheza kati ya nyuzi 16 na 20. Wanapunguza kula, wanazaa taratibu, mayai ambayo kwenye joto yangetoka wiki tatu huku kwangu yanapita mwezi jike bado kayabeba tumboni anayapepea na vimiguu, lakini hawafi. Mwaka jana Julai hawakufa. Mwaka huu wamekufa usiku mmoja, usiku ule ule niliomwaga dawa yako.

Kwa wasiojua hii kazi, nina matenki sita ya lita 40 kwenye chanja ya chuma chumba cha nyuma, matatu juu matatu chini, fundi alinichomelea kwa skweapaipu nene maana maji peke yake ni kilo 240 hapo hujahesabu vioo na changarawe. Matenki ni sita kwa sababu ya rangi. Wekundu, wa njano, wa buluu ukiwaweka pamoja wanapandana na baada ya vizazi kadhaa unabaki na kamba wa kahawia kama wale wa porini, kazi yote imeenda. Kwa hiyo kila rangi na tenki lake, filta yake ya sponji, hata kimia chake cha kuvulia. Nilianza na kumi kumi, walisafiri kwa basi zaidi ya kilomita 800 kwenye mifuko yenye kipande cha mosi, yale majani laini ya majini, cha kushikilia, hao wengine wote wamezaliwa humu humu ndani. Mwanangu anayesoma darasa la pili anawajua wale wenye mayai kuliko mimi.

Sasa shida ilianza na konokono, vile vidogo vinavyokuja na majani. Nilikuwa nalisha sana wakaongezeka mpaka vioo havionekani. Nikamuuliza muuzaji, akasema anayo dawa. Nikamuuliza tena, na hii voisi noti ninayo mpaka leo, je kwa kamba ipo salama? Akajibu "haina shida kabisa kaka, wewe mwaga kofia moja kila tenki." Mtu anayeuza kamba mwenyewe, nitaachaje kumwamini?

Alhamisi saa mbili usiku nikamwaga matenki matano. La sita la wale wa buluu halikuwa na konokono, sikuligusa. Saa nne nikaona wameanza kuogelea ovyo, wanapanda juu wanagonga kioo wanarudi chini, wengine wamelala ubavu wanatikisa miguu tu. Kamba mzima haogelei hivyo, kamba mzima anatembea anachokonoa kwenye mosi. Nikatoa nusu ya maji, nikarudishia maji niliyokuwa nimeyalaza kwenye ndoo, nikakesha. Alfajiri wamegeuka rangi ya pinki kama waliochemshwa, majike na mayai yao.

Asubuhi ndo nikabandua ile stika ya karatasi aliyoandika kwa peni "dawa ya konokono". Chini yake kuna lebo ya kiwandani, salfeti ya shaba, na onyo kabisa kwamba isiwekwe kwenye tenki la kamba. KAIFUNIKA ONYO KWA STIKA. Hapa ndipo nashindwa kusamehe. Kutojua ningekuelewa, lakini uliiona hiyo lebo ndo ukabandika juu yake.

Na mtu wa kamba hawezi kusema hajui habari ya shaba. Damu ya kamba yenyewe inabeba oksijeni kwa shaba badala ya chuma kama yetu, kwa hiyo kidogo sana anaihitaji anaipata kwenye chakula, ila ikiyeyuka kwenye maji ikazidi inamwua haraka hata pale samaki wanapobaki wazima. Ndo maana dawa nyingi za madoa meupe ya samaki huziweki kwenye tenki la kamba. Hilo ni somo la siku ya kwanza.

Halafu ananiambia baridi. Tenki la buluu liko chanja hiyo hiyo, chumba hicho hicho, maji ya bomba lile lile, pampu ya hewa moja, nyuzi zile zile kwenye daftari. Wote wazima, jana nimeona watoto wapya wadogo kama punje ya mtama. Hiyo baridi ilichagua matenki ipite wapi?

Nimemwomba arudishe hela ya dawa na anitumie kamba kumi kumi wa kuanzia, kanibloku. Hela sio kubwa, lakini bado anauza hiyo chupa na yupo mtu Iringa au Njombe atamwaga wiki hii. Ukikuta chupa ina stika ya karatasi ibandue kwanza usome chini.

Kingine naomba msaada. Shaba inang'ang'ania kwenye changarawe na sponji kisha inaachia taratibu, kwa hiyo vyote hivyo natupa, vioo nimeshaosha mara tatu ila siviamini bado na sitahamisha hata kamba mmoja wa buluu kwa kubahatisha. Mwenye kipimo cha shaba cha maji, uwe Mbeya mjini, Tukuyu hata Makambako, nije na chupa tano za sampuli nipime, nitalipia.