Thaimasi ikikatwa, mtoto anabaki na kinga?

Rukia: Shikamoo shangazi, shikamoo mjomba. Kwa nini mtoto mchanga akipasuliwa moyo, tezi ya thaimasi mara nyingi hukatwa? Si ndiyo ya kinga?

Shangazi Zainabu: Marahaba. Ni suala la njia. Imekaa nyuma ya mfupa wa kidari, juu ya moyo na mishipa yake mikubwa. Kwa mchanga ina gramu 10 hadi 15 hivi, kifua chenyewe kidogo, inaziba. Wengine hutoa yote, wengine hubakisha kipande. Daktari wa upasuaji aulizwe kabla ya siku yenyewe.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Kwanza kazi yake. Seli changa hutoka kwenye uboho wa mifupa, huingia humo kugeuka seli T, yaani askari wa kinga. Tabaka la nje zinapimwa kama zinaweza kusoma alama za seli za mwili huu. Isiyoweza inakufa. Zilizopita huingia kiini cha tezi, huko zinaoneshwa protini za viungo vingine, hata insulini. Inayozishika kwa nguvu nayo huuawa, ila chache hugeuzwa kuwa seli za kutuliza kinga. Zaidi ya 95 kwa kila 100 hazitoki humo hai.

Rukia: Zife zote hizo?? 😳

Mjomba Hamisi: Lazima. Zikiachwa zipite, zitaishambulia kongosho, tezi za shingoni, ngozi.

Shangazi Zainabu: Narudi kwenye swali. Kazi hii huanza mtoto akiwa bado tumboni, kwa hiyo anazaliwa na seli T tayari, na nyingi huishi miaka. Ndiyo maana aliyekatwa thaimasi haanzi kuugua ovyo kesho yake. Kinachopungua ni seli T mpya, na hilo huonekana kwenye vipimo hata miaka mingi baadaye.

Mjomba Hamisi: Panya ni tofauti. Jacques Miller, London, 1961, aliwatoa thaimasi mara tu walipozaliwa. Limfosaiti (chembe nyeupe za damu, zikiwemo seli T) zikapungua mno, wakapokea ngozi ya panya wengine bila kuikataa. Wao huzaliwa kabla seli hizo hazijasambaa mwilini.

Bakari: Na anayezaliwa bila thaimasi kabisa?

Shangazi Zainabu: Huyo yuko hatarini kweli, Bakari. Chanzo kimoja ni kipande cha kromosomu 22 kukosekana, hali iitwayo DiGeorge. Wengi wao wana thaimasi ndogo na inawatosha, wachache hawana kabisa. Angalieni kasoro ya moyo ikiandamana na degedege la kalsiamu kushuka, utando mweupe mdomoni usiokwisha, kuhara, uzito kutopanda. Seli T zipimwe KABLA ya chanjo za BCG (kifua kikuu), rota (kuhara), polio ya matone na surua, maana hizo zina vijidudu hai. Chanjo zisizo na kijidudu hai hazimdhuru, asinyimwe.

Shangazi Zainabu: Na damu! Akiongezewa, iwe imepigwa mionzi. Bila hivyo seli T za mchangiaji zinaweza kumshambulia naye hana za kuzizuia. Kwenye upasuaji wa moyo damu hutumika sana, kwa hiyo iandikwe mapema kwenye ombi la damu.

Bakari: Eksirei ya kifua si itaonesha kama ipo?

Mjomba Hamisi: Usiitegemee. Mtoto akiugua sana au akipewa steroidi, thaimasi husinyaa upesi, halafu hukua tena akipona. Na ile kubwa ya kawaida watu huidhania moyo uliotanuka au nimonia. Kipimo ni kuhesabu seli zenye alama ya CD3, yaani seli T, kwenye damu, na kati ya hizo, ngapi ni mpya. Daktari akifungua kifua asiikute, naye aandike kwenye ripoti. Hicho ni kidokezo kikubwa.

Rukia: Na aliyezaliwa bila hiyo, ana tiba?

Shangazi Zainabu: Ipo. Marekani waliidhinisha mwaka 2021. Thaimasi iliyokatwa kwa mtoto mwingine anayepasuliwa moyo hukatwa vipande vyembamba, hutunzwa maabara wiki mbili tatu, kisha hupandikizwa kwenye misuli ya paja. Kinga huchukua miezi 6 hadi 12 kujengeka, na muda wote huo lazima akingwe na maambukizi.

Rukia: Kumbe ile inayokatwa haitupwi bure. Asanteni sana 🙏