Kujaribu Aqua ya haibridi kabla ya kulipa

Jamani, nimeona Toyota Aqua ya 2013, ile ya haibridi (inayotumia petroli na betri kubwa ya umeme), kwenye bondi moja (yadi ya magari yaliyoagizwa nje) huko Nakawa, Kampala. Kila nikifika, nakuta injini ishapashwa moto, na muuzaji anataka tuzunguke hapo hapo tu. Niangalie nini?

— Kaka, hapo pana jambo! Iwashe mwenyewe ikiwa baridi. Halafu ipandishe kilima cha Kololo, AC ikiwaka, macho kwenye mita ya hiyo betri kubwa. Ikishuka na kujaa harakaharaka, betri imechoka.

— Chungulia pia tundu la hewa kwenye kiti cha nyuma, ndilo linalopooza betri. La shemeji yangu lilikuwa limeziba kwa nywele za mbwa, naye mbwa hana.

— Asanteni. Kesho namwahi kabla hajaigusa.