Jaribio la viazi na sukari: kwenye mola 0.4 vikundi vinapingana. Nani kakosea?

Mwl_Arua

Hamjambo walimu. Naomba msaada kusoma matokeo ya osmosisi (maji kupita kwenye utando kuelekea palipokolea zaidi) kwa viazi mviringo, darasa la S.3 (mwaka wa tatu wa sekondari, Uganda). Mimumunyo ni ya mola (moli za sukari kwa lita moja ya mmumunyo) 0, 0.2, 0.4, 0.6, 0.8 na 1.0. Kila kikundi kilipima gramu 34.2 za sukari ya dukani, kikaongeza mililita 100 za maji, halafu kikazimua kupata hiyo mingine. Vipande ni vya sentimita 5, vitatu kwa kila bika, dakika 30.

Kwenye maji matupu vyote vimeongezeka uzito, kwenye 1.0 vyote vimepungua. Tabu iko kwenye 0.4: vikundi viwili vimepata ongezeko, viwili upungufu, kimoja hakuna badiliko. Wanafunzi wanadai jibu moja.

La pili: mfuko wa Visking (utando bandia wenye matundu madogo sana) wenye sukari umefungwa kwenye mrija mwembamba wa kioo. Mmumunyo ulipanda vizuri, ukasimama, na ukiachwa hadi kesho yake unakutwa umeshuka. Mfuko umetoboka? Na Visking ikiisha, kaveera (mfuko wa plastiki) inafaa?

maabara256

Mwalimu, kabla ya kulaumu viazi kagua sukari. Gramu 34.2 ni sahihi, maana moli moja ya sukrosi, yaani sukari ya dukani, ni gramu 342. Lakini kuongeza mililita 100 si sawa na kufikisha mililita 100. Sukari hiyo ikiyeyuka inachukua nafasi ya kama mililita 21, kwa hiyo mmepata mililita 121 hivi, na "mola 1.0" yenu ni kama 0.83. Ile "0.4" ni 0.33.

Sasa angalia mlipoangukia. Maji ya ndani ya seli za kiazi mara nyingi hulingana na sukrosi ya mola kati ya 0.25 na 0.35. Mmeweka vipande karibu kabisa na pale ambapo maji yanayoingia na yanayotoka ni sawa. Hapo badiliko halisi ni dogo mno, na tone moja la maji lililobaki juu ya kipande linatosha kugeuza toa kuwa jumlisha.

Tengeneza mmumunyo mama mmoja wa darasa zima. Gramu 171 za sukari, maji kama mililita 350, koroga hadi iyeyuke yote, hamishia kwenye silinda ya kupimia na usuuze bika humo humo, ndipo ufikishe 500. Kwa mililita 30 za kila ukolezi:

0.2: mmumunyo mama 6, maji 24
0.4: 12 na 18
0.6: 18 na 12
0.8: 24 na 6
1.0: 30 bila maji

Kila kikundi kinatumia mililita 90, vikundi vitano 450. Bomba la sindano la mililita 10 kutoka duka la dawa linapima vizuri kuliko bika. Mistari ya bika ni ya kukisia tu.

kisu_na_rula

Naongezea, na kwenye "nani kakosea" nasema hakuna. Kosa ni kulisoma bika moja peke yake. Kila kikundi kikokotoe asilimia ya badiliko (uzito wa mwisho toa wa mwanzo, gawanya kwa wa mwanzo, zidisha 100), kichore grafu ya bika zote sita, kisha kisome mahali mstari unapokata sifuri. Hilo ndilo jibu. Kikundi kimoja kikipata 0.28 na kingine 0.32, wamekubaliana, hata kama alama zao pale 0.4 hazikufanana.

Viazi vyenyewe: bika zote sita za kikundi zitoke kwenye kiazi kimoja, au angalau aina moja iliyonunuliwa siku moja. Usichanganye Victoria na Rwangume. Kiazi kilichokaa stoo hadi kikanywea kimepoteza maji, ndani kumekolea, na kitaongezeka uzito hata kwenye mmumunyo ambao kiazi kibichi kingepungua. Ondoa ganda lote, maana ganda halipitishi maji kirahisi. Vipande vilivyokatwa vikisubiri mezani vinakauka; vifunike kwa kitambaa kibichi, wala usivitie majini kabla ya kupima.

Kukausha ndiko kunakoharibu zaidi. Kipande kiviringishwe mara mbili juu ya karatasi ya chooni, basi. Mmoja akikamua na mwingine akigusisha tu, mnapima mikono ya wanafunzi. Mtu mmoja akaushe vyote, kabla na baada.

Dakika 30 ni chache kwa kipande kinene. Vipindi viwili vya dakika 40 vinatosha kuloweka dakika 50 kama mimumunyo iko tayari. Unene wa milimita 5 kwa 5 unafaa.

Kama mnapima urefu kwa rula, jueni milimita moja katika sentimita 5 ni asilimia 2 nzima. Kipande hubadilika pande zote tatu, kwa hiyo asilimia ya uzito huwa kama mara tatu ya ile ya urefu. Mizani inayosoma gramu 0.1 itumike kupima vipande vyote vya bika kwa pamoja.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni: kwenye 0.8 na 1.0 vipande huelea, sababu mmumunyo ni mzito kuliko kiazi. Upande wa juu unabaki hewani. Vigeuze kila dakika 10 au uvizamishe kwa kijiti.

FundiMaabara_Mbale

Nachukua swali la Visking. Haijatoboka. Matundu yake hupitisha molekuli ndogo zote, na sukrosi ni ndogo. Kinachozuiwa ni wanga na protini. Maji huingia haraka kuliko sukari inavyotoka, ndiyo maana mwanzoni unaona kupanda. Sukari ikishavuja, tofauti ya ukolezi inakwisha na uzito wa maji kwenye mrija unarudisha kila kitu chini. Soma dakika 20 hadi 30 za mwanzo, usilaze. Utando wa seli hai hauvujishi sukrosi hivyo, kwa hiyo tusiwaambie watoto kwamba Visking "ni" utando wa seli.

Visking inang'ara zaidi kwenye difyusheni (chembe kusambaa kutoka palipokolea): wanga wa asilimia 1 na glukosi asilimia 10 ndani, maji nje. Lowesha mfuko kwanza, uufikiche ufunguke, fundo mbili chini. Baada ya kujaza, suuza nje kwa maji mengi. Wasiposuuza, ayodini (inayogeuza wanga kuwa bluu-nyeusi) itaonyesha wanga nje na somo zima litageuka ubishi. Dakika 20 baadaye maji ya nje yakichemshwa na Benedict (dawa ya kupimia glukosi) yatageuka kijani, manjano hadi rangi ya tofali.

Kaveera: maji na glukosi havipiti, osmosisi hakuna. Ila ayodini hupenya kaveera nyembamba. Tia uji wa wanga ndani, ayodini nje, na wanga utakuwa bluu-nyeusi.

Badala ya Visking kwa osmosisi tumia yai. Lizamishe ndani ya siki nyeupe siku moja hadi mbili, ubadilishe siki mara moja, ganda litayeyuka. Lipime *baada* ya siki, maana siki yenyewe ni maji kwa sehemu kubwa na yai hunenepa humo humo. Kisha yai moja litie kwenye maji, jingine kwenye sukari nzito.

Mwl_Arua

Asanteni sana. Bei ya sukari ikibana, chumvi ya mezani inakubalika kwenye viazi?

maabara256

Inakubalika, ila usitumie namba zile zile. Gramu 5.85 zifikishwe mililita 100 ndiyo mola 1.0, na kila chembe hugawanyika ayoni mbili, kwa hiyo mstari utakata sifuri karibu na nusu ya ule wa sukari. Panga 0, 0.05, 0.1, 0.15, 0.2 na 0.3. Ukibaki na 0.2, 0.4, 0.6, karibu vipande vyote vitapungua na grafu itakosa nusu yake ya juu.